Boya Lililokunywa

Kubanych, Izh yako imenigomea tena,
juu kabisa, karibu na kilele cha Dolon,
chanjo za kondoo mia mbili zikinisubiri kwenye kisanduku cha barafu
na mimi nikipiga kiki
hadi goti likaanza kunitukana.

Inakohoa. Si kikohozi kikavu cha vumbi,
ni cha majimaji, kama mtoto aliyenyonya akapitiliza.
Nikivuta moto wote inagugumia:
bu, bu-bu, kimya, halafu bu.
Moshi si ule wa oili, wa buluu, tuliouzoea.
Mweusi, mzito,
unanuka pesa zangu.

Nikafungua plagi kwa vidole vilivyokufa ganzi.
Ingekuwa nyeupe kama mfupa ningesema ina njaa, hewa imezidi.
Ingekuwa rangi ya ganda la mkate wa mama
ningeirudisha nikaondoka zangu.
Ilikuwa nyeusi, imelowa.
Mficha maradhi, nikaiambia, na nikaipangusa kwenye suruali.

Nikakupigia. Ulikuwa juu ya jengo huko Moscow,
upepo ukila nusu ya maneno yako.
"Ni mlima," ulisema. "Hewa ya juu nyembamba, petroli ile ile.
Shusha sindano tundu moja. Begimai,
usiguse kingine."

Nikashusha tundu moja.
Nikashusha la pili (hili sikukwambia).
Nikatia jeti ndogo niliyoazima kwa Tursunaly,
ambaye akikuazima kitu ni kama anang'olewa jino.
Nikateremka hadi tambarare ya Kochkor, kwenye hewa nzito ya kutosha watu wote,
na bado: bu, bu-bu.
Mlima ungekuwa na hatia
ungeniachia tulipokuwa tunashuka.

Usiku kabureta ikalala vipande vipande
juu ya kitambaa cha meza chenye alizeti.
Mama akasema mkate wa kesho utanuka petroli.
Nikasema ndiyo.
Jeti safi. Chujio safi. Mpira wa kuingizia hewa hauna ufa.
Nikachukua boya, lile la shaba,
nikalitikisa sikioni:

chwa.

Kubanych, kazi ya boya ni moja tu, kuelea,
na kwa kuelea kufunga mlango ikishatosha.
Lako limekunywa. Limezama kwenye bakuli lake
na mlango umebaki wazi,
petroli inaingia kama wageni wa harusi, hawaulizi.
Miaka mingapi? Ulivyokuwa ukilaumu mafuta ya Naryn,
ukilaumu baridi, ukilaumu mimi
niliyeiendesha wiki moja tu ulipovunjika mguu.

Nikalizamisha katika maji moto ya samovari.
Pembeni, kwenye mshono, vikatoka vipovu,
kimoja kimoja, vyembamba kama shanga za mtoto.
Nikatoboa, nikamwaga, nikaliacha dirishani hadi likaacha kunuka,
ndipo nikaziba kwa risasi, kidogo sana,
maana kiraka kizito nacho huzamisha.

Sindano nikairudisha. Si tundu lako la zamani, moja chini yake.
Kuhusu mlima hukukosea kabisa.
Jeti nikampelekea Tursunaly, akaikagua kwenye mwanga.

Jioni ikawaka kwa kiki ya pili.
Nikaweka simu karibu na bomba la moshi, nikanyamaza.
Nawe ukanyamaza. Nyuma yako mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha.
Nilidhani laini imekatika.

"Imetulia," ukasema mwishowe, "lakini inawinda kidogo,
inapanda, inashuka. Unasikia?"
Sikusikia.
"Skrubu ya hewa. Kaza robo mzunguko.
Robo, Begimai, si nusu."

Nikapiga magoti kwenye theluji na bisibisi ya baba.
Nikakaza robo.

Hapo nikasikia.